Maji, Mafuta na Chembe Isiyonaswa



Mnamo tarehe 26 Agosti 2025, katika pango lililochongwa mita 700 chini ya ardhi karibu na mji wa Jiangmen, kusini mwa China, wanasayansi walianza kupokea taarifa kutoka katika mtambo wao mpya uitwao JUNO. Mtambo huo ni tufe la plastiki angavu lenye upana wa mita 35 na ushei, na ndani yake mmetiwa tani 20,000 za kimiminika mfano wa mafuta. Tufe hilo limezungukwa na macho ya umeme zaidi ya 43,000, yanayokesha gizani usiku na mchana. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wenye mtambo walitangaza matokeo yao ya kwanza. Yalitokana na siku 59 tu za kazi, nayo yalishinda kwa usahihi vipimo vya miaka mingi vilivyotangulia kuhusu baadhi ya tabia za chembe iitwayo nyutrino.

Habari ya namna hiyo hupita upesi. Husomwa mara moja, kisha hufunikwa na habari za vita, za bei ya mafuta na za uchaguzi. Hata wale wachache waisikiao husifu ukubwa wa pango na wingi wa mashine, wakaishia hapo. Walakini wataalamu wenyewe wanajua kwamba pango bila ya kimiminika kinachofaa ni shimo tupu. Historia nzima ya kuitafuta nyutrino ni historia ya kutafuta kimiminika cha kuinasia, na kazi hiyo ingali inaendelea. Inafaa basi kuuliza: kimiminika hicho ni kitu gani, kwa nini kimewachukua watu zaidi ya miaka 70 kukitengeneza, na kinazihusu nini nchi za Afrika?

Nyutrino ni chembe ndogo mno isiyo na chaji ya umeme. Mwaka 1930 mtaalamu Wolfgang Pauli aliwaandikia wenzake kwamba huenda chembe ya namna hiyo ipo, kwa kuwa hesabu za nguvu zitokazo katika atomi zilikuwa hazitimii bila ya kuwapo kitu kinachotoroka na sehemu yake. Jua hutoa nyutrino kwa wingi usioelezeka. Kila sekunde, zipatazo bilioni 65 hupita katika eneo la duniani lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hupenya paa, hupenya mwili wa binadamu, hupenya dunia yote na kutokea upande wa pili, wala hakuna anayehisi lolote. Ukuta hauzizuii, risasi haizizuii, mlima hauzizuii. Ni moja tu katika nyingi mno ambayo hugonga kiini cha atomi na kuacha alama.

Kwa hiyo mwindaji wa nyutrino ana njia moja tu. Ni lazima aweke mbele yake atomi nyingi kupita kiasi, kisha angoje kwa subira. Atomi hizo lazima ziwe rahisi kupatikana, ziweze kujaza chombo kikubwa pasipo mwanya, na ziwe angavu ili mwanga wowote utakaozuka katikati ya chombo uyafikie macho yaliyo pembeni. Sifa hizo zote hupatikana katika kimiminika.

Wa kwanza kufaulu walikuwa Wamarekani wawili, Frederick Reines na Clyde Cowan, mwaka 1956, kando ya kinu cha nyuklia cha Savannah River katika jimbo la South Carolina. Walitumia matangi ya maji yaliyotiwa chumvi ya kadimiamu, na kati ya matangi hayo wakapanga matangi mengine yenye mafuta yanayometa. Nyutrino itokayo katika kinu ilipogonga protoni ndani ya maji, zilizaliwa chembe mbili. Ya kwanza, pozitroni, ilitoweka mara moja na kusababisha mmweko wa mwanga katika mafuta. Ya pili, nyutroni, ilitangatanga kwa muda mfupi sana hadi ilipomezwa na kadimiamu, ukatokea mmweko wa pili. Basi nyutrino ikatambulikana kama mgeni abishaye hodi mara mbili: hodi moja yaweza kuwa upepo, lakini hodi mbili zenye mpangilio ni dalili ya mtu. Mwezi Juni mwaka huo Pauli alipelekewa simu ya maandishi kuarifiwa kwamba chembe yake imepatikana.

Tangu siku hizo njia ziligawanyika mbili, njia ya maji na njia ya mafuta.

Walioshika njia ya maji walitegemea jambo lililogunduliwa mwaka 1934 na Mrusi Pavel Cherenkov. Chembe yenye chaji ikipita katika maji kwa mwendo unaozidi mwendo wa mwanga ndani ya maji hayo, hutoa mwanga wa kibuluu wenye umbo la pia, ukielekea kule chembe inakokwenda. Maji ni rahisi, hayadhuru, nayo huonyesha mwelekeo. Kwa njia hiyo Wajapani walijenga chini ya mlima, huko Kamioka, tangi lenye tani 50,000 za maji safi, na mwaka 1998 wakaonyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini. Nchini Kanada, katika mgodi ulio karibu na mji wa Sudbury, wataalamu walitumia tani 1,000 za maji mazito. Maji hayo yalikuwa na thamani ya dola za Kanada zipatazo milioni 300, nayo hayakununuliwa: yaliazimwa kutoka kwa shirika la serikali na kurudishwa baadaye. Kazi ya makundi hayo mawili ndiyo iliyotunukiwa Nishani ya Nobel ya mwaka 2015.

Lakini maji yana upungufu wake. Mwanga wake ni haba. Nyutrino zenye nguvu ndogo, na ndizo nyingi, hupita zikiwa hazikutoa mwanga wa kutosha kuonekana.

Walioshika njia ya mafuta walipata mwanga mwingi zaidi, mara kadhaa wa kadhaa kuliko wa maji. Lakini mwanga huo husambaa pande zote sawasawa, hivyo mwelekeo wa nyutrino hupotea. Juu ya hayo mafuta ni ghali, mengine huwaka moto kwa urahisi, na mengine ni sumu. Na hapa ndipo suala hili linapotoka katika maabara na kufika mlangoni kwa mwananchi.

Mfano ulio wazi ni ule wa Gran Sasso nchini Italia. Chini ya mlima huo mna maabara kubwa, na ndani ya mlima huo huo mna chemchemi ziwapazo maji ya kunywa wakazi wa mkoa wa Abruzzo. Mwezi Agosti 2002, wataalamu walipokuwa wakiandaa mtambo wao uitwao Borexino, lita zipatazo 50 za mafuta yaitwayo sudokumeni zilimwagika na kuingia katika maji yatokayo mlimani. Lita 50 si nyingi. Hazijazi mapipa mawili ya kuchotea maji. Lakini wananchi walikasirika, nao walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewauliza kama wako radhi kugawana mlima wao na kemikali. Kazi za vimiminika zilisimamishwa, njia za maji zikatengenezwa upya, na mtambo huo haukuanza kazi hadi mwezi Mei 2007. Baadaye Borexino ilileta sifa kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyopima nyutrino zitokazo katika moto wa ndani kabisa wa jua. Hata hivyo miaka ile iliyopotea iliwafundisha wanasayansi wa dunia nzima kwamba kimiminika kizuri si kile kinachong'aa tu. Ni kile ambacho jirani yake anaweza kulala usingizi.

Somo la pili lilitoka Ufaransa. Katika miaka ya 1990, karibu na kinu cha Chooz, wataalamu walichanganya mafuta na madini ya gadoliniamu, ambayo humeza nyutroni kwa uhodari kushinda kadimiamu. Shida ni kwamba chumvi ya madini hupenda maji na huyakataa mafuta. Ukilazimisha mchanganyiko, mafuta huanza kuharibika. Ndivyo ilivyokuwa Chooz: kimiminika kikapoteza uangavu wake upesi kuliko ilivyotakiwa, na macho yakawa yanatazama ukungu. Mtambo wa kungojea miaka mingi hauwezi kusimama juu ya kimiminika kinachochacha kama maziwa.

Majibu ya masomo hayo mawili yalitoka mahali ambapo wengi wasingepatazamia, yaani katika viwanda vya sabuni. Yapo mafuta yaitwayo alkilibenzini, ambayo viwanda hutengeneza kwa wingi kila mwaka kuwa malighafi ya sabuni ya unga. Bei yake ni nafuu, sumu yake ni ndogo, na hayashiki moto hadi yapashwe joto la nyuzi zaidi ya 100, ilhali sudokumeni huweza kushika moto katika joto lisilofika hata nyuzi 50. Wataalamu, miongoni mwao wakiwa wanakemia wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani wakiongozwa na Minfang Yeh, walivumbua namna ya kuifunga gadoliniamu kwa asidi ya kikaboni, mfano wa kumvisha mgeni kanzu ya wenyeji, ili mafuta hayo yaipokee bila ya kuharibika. Kimiminika hicho kilijazwa katika mitambo 8 huko Daya Bay nchini China, tani 20 katika kila mmoja. Mwaka 2012 kilileta kipimo kilichokuwa kimetafutwa kwa miaka mingi, na kiliendelea kuwa angavu hadi kazi ilipokwisha Desemba 2020. Ni mafuta ya jamii hiyo hiyo ya sabuni ambayo leo yamejaza tufe la JUNO. Yamechujwa, yakakenekwa, yakaoshwa kwa maji na kupitishiwa mvuke, hata mwanga unaweza kusafiri ndani yake mita 20 kabla ya kufifia.

Je, kazi imekwisha? Bado. Wataalamu wanataka kimiminika chenye sifa za pande zote mbili: kinachong'aa kama mafuta, kinachoonyesha mwelekeo kama maji, na kilicho rahisi kiasi cha kujaza matangi ya maelfu kwa maelfu ya tani. Kila mtu anajua kwamba maji na mafuta havichanganyiki. Lakini kila mtu aoshaye sufuria yenye mafuta anajua pia kwamba sabuni huvipatanisha. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Huyakamata mafuta, huyagawa katika matone madogo yasiyoonekana, na kuyashikilia ndani ya maji. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 2011 Yeh na wenzake walitangaza maji yenye kumeta, ambayo sehemu yake kubwa ni maji na asilimia chache tu ni mafuta.

Kusema ni rahisi kuliko kutenda. Maji ya mtambo lazima yasafishwe kila siku, na chujio la kawaida lingeyaondoa mafuta pamoja na taka. Imebidi kubuni namna ya kuyatenga matone kwanza, kuyasafisha maji, kisha kuvirudisha pamoja. Tena lazima macho ya umeme yawe mepesi mno, ili yaweze kuutofautisha mwanga wa Cherenkov, ambao hutangulia, na mwanga wa mafuta unaofuatia nyuma yake kwa muda mfupi kuliko kupepesa kwa jicho mara maelfu kwa maelfu. Kwa sababu hiyo majaribio yanakwenda hatua kwa hatua: kwanza chupa, kisha tani moja, kisha tani 30 katika maabara ya Brookhaven. Mwaka 2023 chombo kidogo cha maji hayo kiliwekwa mbele ya miali ya nyutrino huko Fermilab, karibu na Chicago. Huko Japani, ambako hawakutaka kuacha maji, walichagua njia ya katikati: mwaka 2020 waliyeyusha tani 13 za chumvi ya gadoliniamu katika tangi lao kubwa, ili lipate nalo kusikia hodi ya pili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Watauliza inakuwaje dunia itengeneze maelfu ya tani za maji safi kupita kiasi kwa ajili ya kumngojea mgeni asiyeonekana, ilhali vijiji vingi havina hata bomba moja. Swali hilo ni la haki, wala halipaswi kujibiwa kwa dharau. Fedha za sayansi ni fedha za walipa kodi, na mpangilio wa mahitaji una maana yake. Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba Afrika haimo katika habari hii, kwani imo tangu zamani.

Mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, Reines yule yule pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walinasa kwa mara ya kwanza alama ya nyutrino iliyozaliwa angani, si katika kinu. Walitumia nini? Masanduku ya kimiminika kinachometa. Na nani aliyewatangulia kufika kina kile? Ni wachimbaji Waafrika, wenyeji na wale waliotoka nchi jirani kama vile Msumbiji, Lesotho na Malawi, waliofanya kazi chini ya sheria za ubaguzi kwa ujira mdogo. Sayansi ilishuka kwa njia zilizochongwa kwa mikono yao. Majina ya wataalamu yamehifadhiwa vitabuni, lakini ya wachimbaji hayatajwi.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu amani. Maadam nyutrino haizuiliki kwa ukuta wowote, kinu cha nyuklia hakiwezi kuficha nyutrino zake. Kikiwashwa hujulikana, kikizimwa hujulikana, na hata mafuta yake ya nyuklia yakibadilika kwa kuzaa plutoniamu, ambayo ndiyo malighafi ya bomu, idadi ya nyutrino hubadilika pia. Wataalamu wa Kisovieti walilionyesha jambo hilo huko Rovno, Ukraine, katika miaka ya 1980, na Wamarekani wakalionyesha baadaye katika kinu cha San Onofre, California, kwa kutumia kimiminika chenye gadoliniamu kisichofika hata tani moja. Mkaguzi anayeweza kukaa nje ya kinu, asiyehitaji kufunguliwa mlango wala kuamini daftari la mwenyeji, ni mkaguzi wa thamani. Lakini mkaguzi huyo anahitaji kimiminika kisichowaka moto, kisichotia sumu na kisichochacha, kwa kuwa atakaa jirani na watu. Ndiyo sababu utafiti wa maji yenye kumeta si mchezo wa wasomi.

Nchi za Afrika zina haki ya kulifuatilia jambo hilo kwa karibu. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini mjini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Jina lake ni la mahali ambapo Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa na kituo chake cha utafiti wa nyuklia, na serikali hiyo ilikiri mwaka 1993 kwamba ilikuwa imeunda mabomu sita kwa siri kabla ya kuyabomoa. Jirani zake walikuwa wakiishi kando ya mabomu hayo bila ya kuwa na njia ya kuthibitisha walichokishuku. Leo Afrika ina kituo kimoja tu cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, nacho ni Koeberg karibu na Cape Town. Misri inajenga cha kwake huko El Dabaa, na Kenya, Uganda na Rwanda zimetangaza nia ya kufuata. Mipaka ya mataifa haya iko karibu karibu, na maziwa na mito yao ni ya pamoja. Itakapofika siku ya jirani kumwuliza jirani, "Kinu chako kinafanya nini?", itafaa kama jibu litaweza kupimwa badala ya kuaminiwa tu.

Hapana shaka mitambo ya tani elfu 20 haitajengwa kesho katika nchi za Maziwa Makuu. Lakini utafiti wa vimiminika hauanzii pangoni. Huanzia katika chumba cha kemia, kwa mizani, chupa, chujio na mtu mwenye kujua kwa nini sabuni huondoa mafuta. Kemia hiyo hufundishwa katika shule za sekondari na vyuo vya nchi hizi, mara nyingi pasipo chupa wala dawa za kufanyia majaribio. Mwanafunzi hukariri kwamba mafuta hayachanganyiki na maji, akafaulu mtihani, wala hajapewa nafasi ya kujaribu kuvichanganya. Serikali inayotaka wataalamu wa kukagua vinu vya kesho haina budi kuanza na chupa hizo leo.

Na wale watakaokuja kuomba mlima, mgodi au pwani kwa ajili ya mitambo yao, waulizwe kwanza lile swali ambalo watu wa Abruzzo hawakuulizwa mapema: kimiminika hiki kikimwagika, kitafika kisima cha nani? Sayansi iliyo tayari kulijibu swali hilo kabla ya kuchimba inastahili kukaribishwa.